Amri Isiyo na Mwenyewe

KOMUNIKE. Watumishi wote wa komisarya ya polisi wanaarifiwa kwamba, kuanzia leo, mlango ambao hadi sasa ulijulikana kwa jina la mlango wa nyuma utaitwa mlango wa pili. Jina la zamani halitatumika tena, si kwa mdomo wala kwa maandishi. Atakayeendelea kulitumia ataombwa maelezo. Imetiwa saini na Komanda.

Inspekta Asukulu alilisoma tangazo hilo likiwa limebandikwa kwenye mlango wenyewe. Mhuri ulikuwa umegongwa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza wino haukutosha. Akaufungua mlango wa pili, bawaba zikalia kama zilivyolia ulipokuwa wa nyuma, akatoka kwenda kuitafuta pikipiki ya kumteremsha hadi mji wa Baraka.

Faili alilolibana kwapani lilikuwa jembamba kuliko inavyofaa faili la kumpeleka mtu gerezani. Mjini Baraka, katika ghala la baridi la shirika liitwalo Afya Pwani, chanjo ya surua iliyongojewa na vituo vyote kuanzia Swima hadi Lulimba ilikutwa asubuhi imeharibika kwa joto. Ilikuwa ndani ya kabati kubwa la baridi. Kabati hilo lina kipasha joto kidogo, kazi yake kuyeyusha barafu inayojijenga kwenye mabomba. Huwaka kwa muda mfupi na kuzimwa. Safari hii kilikutwa kinawaka, na kwa dalili zote kilikuwa kimewaka tangu jioni iliyotangulia. Njia za kukiwasha ni mbili. Ya kwanza ni kompyuta ndogo inayoliongoza kabati. Ya pili ni mkono wa mtu, kwenye swichi iliyofungiwa ndani ya kijisanduku chenye tundu la ufunguo. Kompyuta ilisema haikuwasha kitu. Ufunguo wa kijisanduku ulikuwa mmoja tu, na ulitolewa mfukoni mwa mlinzi wa ghala, mkimbizi wa Burundi aitwaye Barutwanayo. Waliomkamata waliimaliza hesabu hiyo kabla chai haijapoa. Kesho asubuhi gari lingempeleka gereza la Uvira kwa kosa la kuhujumu, isipokuwa kama Asukulu angepata sababu ya kulizuia.

Barabara ilipoanza kuteremka, pikipiki ilisimamishwa na kamba ya nailoni iliyokatiza njia, upande mmoja imefungwa kwenye kigingi, upande wa pili kwenye jiwe. Polisi mmoja aliinuka kutoka kwenye kidumu alichokikalia.

"Munatoka wapi, munaenda wapi?"

"Unanijua, Willy."

"Nakujua, Shefu. Lakini lazima niulize."

"Unatafuta nini hapa?"

"Mafuta ya magendo. Komanda alisema bale benye kupita na bidumu, nibasimamishe."

"Komanda yupi?"

"Ule mwenye alitanguliaka. Ule mufupi."

"Yule amehamishwa. Yuko Kalemie, na magendo yale yalikwisha kabla yeye hajafunga mizigo."

"Njo banasema." Willy alikubali bila ubishi. "Lakini hakunitoa hapa. Alisema: simama mpaka nitakuambia. Hajaniambia."

"Na Komanda mpya?"

"Ule hanijue. Siko mu liste yake." Aliifungua kamba upande wa jiwe, kwa taratibu ya mtu aliyeizoea. "Kama unamwona, Shefu, usimuambie. Atauliza nani alikuwa ananilisha."

Asukulu alipanda tena pikipiki. Juzi alikuwa amesoma ripoti ya Komanda mpya, isemayo kwamba barabara ya Baraka haina kizuizi chochote. Komanda hakuwa amesema uongo. Yeye hakuwahi kuamuru kizuizi.

*

Kasho la Baraka, mahabusu ya polisi, lilikuwa chumba cha matofali chenye dirisha la ukubwa wa kitabu. Nje ya mlango alikuwa ameketi mwanamke mwenye sufuria iliyofungwa kwa kitenge. Alisimama alipomwona Asukulu.

"Mi niko Inamahoro, bibi ya Barutwanayo. Shefu, kesho banamupeleka kweli?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, Mama."

"Uvira hatuna muntu. Nani atamupikia kule? Bafungwa ya kule, mwenye hana wa kumuletea chakula, banamurudishaka maiti mu mukeka." Alisema bila kupandisha sauti. "Na hapa mu mji banasema sisi Barundi tunataka batoto yabo bakufe na surua. Ata batoto yetu banachanjwa ku dawa ile ile, Shefu. Tunaharibisha dawa ya batoto yetu juu ya nini?"

"Swali hilo ni zuri," alisema Asukulu. "Kwenye faili halimo."

Barutwanayo alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye mikono ya mkulima isiyojua pa kukaa ikikosa jembe. Waliketi kwenye benchi moja, kwa kuwa la pili halikuwepo.

"Ufunguo wa kijisanduku. Uliutumia lini mara ya mwisho?"

"Sijautumiaka ata siku moja. Siku nilianza kazi balinipatia, bakasema: hii usiguse. Nikauliza: kama siguse, munanipa ya nini? Bakasema: juu ya responsabilité, muntu wa kujibu akuweko."

"Uliwahi kumwazima mtu?"

"Nani ataazima ufunguo ya kitu haifunguliwake?"

"Siku ile, nani aliingia ghalani?"

"Bienfait tu, fundi ya mashini. Alikuja na ordinateur, kompyuta yake, mu mfuko. Kisha akatoka, akaniambia: Papa, mashini iko mupya sasa. Mi naangalia, iko paka ile ya zamani."

"Baada yake?"

"Kisha yeye, mi nikafunga mulango. Asubui nafungua kabati kwa kuangalia, joto inanipiga ku uso sawa nafunua chungu. Nikakimbia kuita bantu." Alimgeukia Asukulu. "Muntu mwenye kuharibisha kitu, anakimbiaka kuita bantu?"

"Wengine hukimbia. Hao ndio wanaonichosha zaidi."

Barutwanayo alilitafakari jibu hilo, akaliona halina msaada.

"Kabla ya siku hiyo," Asukulu aliendelea, "kabati liliwahi kupata joto?"

"Hapana. Na zamani tulikuwa mu mateso, juu courant ya umeme ilikuwa inakatika kila siku. Inakatika, inarudi, inakatika. Tulikuwa tunalia. Sasa balituletea bapanneau ya jua na mabatri, haikatike tena ata kidogo. Mi njo nilisema: sasa tumepona."

Asukulu aliuliza jambo moja la mwisho: kama kuna mtu anayemchukia. Barutwanayo alifikiri kwa uaminifu, akasema mjini hapa yeye hajulikani kiasi cha kuchukiwa. Ilikuwa imeanza wiki hii tu.

*

Ghala lilikuwa na baraza pana, na kijisanduku cha swichi kilikuwa kwenye ukuta wa baraza, usawa wa kifua. Asukulu aliutoa ufunguo kwenye bahasha ya vielelezo, akauelekeza kwenye tundu lake. Haukuingia. Akainama, akavaa miwani.

Tundu lilikuwa limezibwa kwa udongo mgumu, wa rangi ya chungu kilichochomwa. Nyigu wa udongo alikuwa amelifanya nyumba, naye hakuwa mpangaji mpya: ganda la udongo lilikuwa limetobolewa kwa ndani, tundu dogo la duara, mahali ambapo mwanawe alitokea alipokomaa, na juu ya tundu hilo utando wa buibui ulikuwa umeshika vumbi. Hakuna ufunguo uliokuwa umeingia pale tangu kizazi kizima cha nyigu. Waliomkamata Barutwanayo walikuwa wameuchunguza ufunguo pande zote mbili. Tundu hawakuwa wameliangalia.

Asukulu alipiga picha kwa simu, akapiga ya pili kwa sababu kidole chake kilionekana katika ya kwanza, akaurudisha ufunguo kwenye bahasha. Njia ya mkono ilikuwa imefungwa. Ilibaki kompyuta, nayo ilikuwa imekana.

Alimwita Bienfait. Alikuwa kijana nadhifu, shati limepigwa pasi, jasho likimtoka kuliko hali ya hewa ilivyodai. Pamoja naye alikuja Ketsia, mwalimu wa informatique, yaani kompyuta, katika taasisi moja ya mji, ambaye Asukulu alikuwa amemwandikia hati ya kumwomba utaalamu. Ketsia alifika na mwavuli na uso wa mtu aliyekatiziwa somo.

"Bienfait," Asukulu alianza, "siku ile ulikuja kufanya nini?"

"Mise à jour, Shefu. Kampuni ilituma pilote mupya ya kabati. Nikatosha ya zamani, nikaweka ya mupya. Ni kazi kidogo."

"Pilote ni nini?"

"Shefu anasema Kiswahili sawa radio," Bienfait alimnong'oneza Ketsia, "lakini neno pilote haijue."

"Radio inasikia vilevile," alisema Asukulu.

Ketsia ndiye aliyeeleza, kwa sauti ya darasani. Ndani ya kila kompyuta kuna kiini cha mfumo, kinachogawa kazi zote. Kiini hakijui kabati ni nini, wala kipasha joto, wala feni. Kwa kila kifaa kinahitaji kipande cha programu chenye kujua kusema na kifaa hicho. Waandishi wa vitabu hukiita kiendeshi, mafundi wa hapa wanasema pilote. Kiendeshi hupakiwa ndani ya kiini na hupakuliwa, na mashine yenyewe haizimwi. Inaendelea na kazi kama ofisi inayobadilisha karani.

"Ulipofika," Asukulu alimgeukia Bienfait, "kabati lilikuwa katika hali gani?"

"Muzuri. Niliskia tak! ndani, kisha mabomba ikaanza kutoa maji kidogo. Nikasema: iko nayeyusha barafu, donc iko natumika."

"Kipasha kilikuwa kinawaka."

"Ndiyo. Njo kazi yake, mangaribi moja kila wiki."

"Nawe ukakitoa kiendeshi hapohapo."

"Nikakitoa. Nikaweka kingine. Nikaangalia ku écran, kioo ya ordinateur: kipasha, kimezimwa. Bintu byote sifuri. Nikafunga ordinateur, nikaenda. Shefu, mi sikudanganya. Ku écran iliandikwa kimezimwa."

"Sijasema umedanganya. Kuna kitu kingine kilichodanganya, nataka kujua kama kilifanya hivyo kwa makusudi." Akamgeukia Ketsia. "Mwalimu, nani anayekiambia kipasha kiwake?"

"Pilote inatuma amri ku relais. Ile ni swichi kidogo, lakini haibonyezwe na kidole, inabonyezwa na courant. Ikibonyezwa, tak, inabaki vile."

"Inabaki mpaka lini?"

"Mpaka pilote iiambie: achilia."

"Na kama aliyeiambia ishike ameondoka?"

Ketsia aliukunja mwavuli wake, ambao tayari ulikuwa umekunjwa. "Pilote yenye iliandikwa muzuri, mbele ya kutoka inasafisha. Kile iliwasha, inazima. Kifaa, inakirudisha vile ilikikuta. Halafu njo inaenda. Lakini yenye iliandikwa mubaya, inaenda tu. Inaacha kila kitu vile kiko."

"Na mpya inayoingia, haiulizi hali ya mambo?"

"Inaweza kuuliza. Kama mwenye kuiandika ni mvivu, haiulize. Inajiandikia mu kichwa yake: mi sijawasha kitu, donc hakuna kitu inawaka."

Asukulu alisimama akiutazama ukuta. Mbele ya macho yake ilikuwepo kamba ya nailoni, kidumu, na polisi ambaye hayumo kwenye orodha ya mtu yeyote.

"Bila remise-reprise," alisema.

"Nini, Shefu?"

"Aliyetoka hakukabidhi. Aliyeingia hakupokea. Polisi bado yuko barabarani, na ripoti inasema barabara haina polisi." Waliokuwepo walimtazama kwa subira anayotazamwa mtu aliyechoka. "Ghala lina kabati la pili, la namna ileile. Ni tupu?"

"Tupu."

"Bienfait, kiendeshi cha zamani bado unacho?"

"Iko mu ordinateur. Hatutupake kitu."

*

Walilifanya jaribio kwenye kabati la pili. Bienfait alipakia kiendeshi cha zamani, akaamuru barafu iyeyushwe. Ndani ya kabati ikasikika tak. Asukulu aliweka kiganja kwenye bomba, akakiacha pale hadi alipohisi uvuguvugu.

"Sasa kitoe."

Bienfait alibonyeza. "Imetoka."

Wote watatu walisikiliza. Hapakuwa na mlio wowote. Bomba liliendelea kupata joto chini ya kiganja cha Asukulu.

"Kwa wakati huu," aliuliza, "kompyuta ina kiendeshi chochote cha kabati hili?"

"Haina," alisema Ketsia. "Hakuna mwenye anaamuru kitu."

"Lakini amri inatekelezwa."

"Inatekelezwa."

"Weka kipya."

Kiendeshi kipya kiliingia. Kwenye kioo maandishi yalijipanga kwa unadhifu: feni, imezimwa, mlango, umefungwa, kipasha, kimezimwa. Asukulu aliyasoma huku kiganja kikianza kuuma. Akakiondoa, akakitazama. Kilikuwa chekundu.

"Mwalimu, weka mkono hapa, ili kesho usiseme ulisikia kwangu."

Ketsia aliweka, akauondoa haraka. "Iko moto."

"Bienfait."

Bienfait hakutaka, lakini aliweka. Kisha akakaa chini kwenye kreti. "Shefu, ile mise à jour tuliisha kuifanya mara mingi, hapa na mahali ingine. Hakujakuwaka shida."

"Zamani mlikuwa na umeme wa namna gani?"

"Ule wa groupe, jenereta. Wa kukatika."

"Umeme ukikatika, swichi ile inafanyaje?"

"Inaachilia," alisema Ketsia, na hapo sauti yake ya darasani ilimtoka. "Haiwezi kubaki imebonyezwa bila courant."

"Basi kila mlipokiacha kipasha kinawaka, umeme ulikatika jioni ileile ukawasafishia. Mlikuwa mnaulalamikia kila siku. Kisha mkaletewa mabatri yasiyokatika." Asukulu alivua miwani. "Kosa lilikuwapo siku zote. Lilikosa tu siku nzima ya umeme mzuri. Utoe huo waya."

Bienfait aliuchomoa waya wa umeme wa kabati la pili. Tak. Uliporudishwa, bomba lilianza kupoa.

Bienfait alielekea kwenye kabati la kwanza, lile la chanjo, ambalo tangu asubuhi ya mkasa lilikuwa linawaka likiwa limezungushiwa utepe.

"Na hii niichomoe, Shefu? Inatosha sasa, iko naunguza batri bure."

"Usiguse."

"Lakini inawaka."

"Inawaka kwa amri ya kiendeshi ambacho hakipo. Ndiye shahidi pekee aliye naye yule mtu kule kasho. Ukiuchomoa waya, shahidi anasema kila kitu ni sifuri, kama mwenzake." Asukulu aliunyoosha utepe uliokuwa umelegea. "Liache vile vile mpaka parke, ofisi ya mashtaka, ilione."

Maneno hayo aliyakumbuka vizuri baadaye.

*

Ofisi ya substitut wa parke, mwendesha mashtaka Isidore Lwaboshi, ilikuwa na meza, kiti na makatoni yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Jina lake lilikuwa limekwanguliwa mlangoni, zikabaki herufi mbili zilizokataa kutoka.

"Unanikuta njiani, Inspekta wangu. Nimehamishwa. Jumatatu niko Bukavu."

"Nani anakupokea?"

"Hajateuliwa bado. Keti. Hapana, si juu ya katoni hilo, ndani kuna vyombo vya Madamu."

Asukulu alibaki amesimama. Alieleza kwa mpangilio: tundu la ufunguo, udongo, utando wa buibui, kiendeshi kilichotoka bila kusafisha na kipya kilichoingia bila kuuliza, jaribio, viganja vitatu, waya. Isidore alisikiliza akiwa ameegemea katoni, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Umeniletea nyigu," alisema mwishowe.

"Nimekuletea tundu lisiloingia ufunguo."

"Nyigu hujenga haraka. Angeweza kujenga baada ya tendo."

"Mwanawe amekwisha kutoka na buibui amekwisha kuhamia. Tangu kukamatwa kwa mtu huyu hata mate ya nyigu yasingekauka."

"Wewe ni mtaalamu wa nyigu?"

"Hapana."

"Tunaye mtaalamu wa nyigu?"

"Hatunaye."

Isidore aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata hoja. "Tuje kwenye hiki kiendeshi. Unaniambia mwenye kosa ni kitu ambacho hakipo tena ndani ya mashine."

"Kimepakuliwa."

"Siwezi kumhoji."

"Unaweza kuihoji kazi yake. Bado inawaka kule ghalani. Njoo uweke mkono."

"Mkono wangu si utaalamu. Na wa mwalimu wa taasisi si utaalamu ulioidhinishwa. Kabati la pili si kabati la kwanza. Aliye na kabati pacha ana ushahidi pacha, sheria inataka ule wenyewe." Alisema bila ukali, alikuwa ameyasema mambo ya namna hii kwa miaka mingi, na sehemu ya akili yake ilikuwa tayari Bukavu. "Sisemi umekosea. Pengine umesema kweli. Lakini nikimwachia Mrundi kwa ushahidi wa mdudu na kitu kisichokuwepo, akina mama wa mji huu watakuja na mwiko kunitafuta. Nikimpeleka Uvira, kesho kutwa mtu atakuja na faili lako na kuniuliza kwa nini."

"Basi usimpeleke."

"Hilo naweza."

"Na mwachie."

"Hilo siwezi."

"Hali ya katikati haipo, Bwana Substitut. Mtu amefanya au hakufanya."

"Hali ya katikati ipo, Inspekta wangu. Ndiyo tunayofanyia kazi." Alivuta karatasi ya mwisho iliyobaki mezani. "Kabati la kwanza, umelizima?"

"Hapana. Nilikataza lisiguswe. Ukilizima, ushahidi unafutika."

Isidore alimtazama kwa heshima ya kweli, labda kwa mara ya kwanza. "Vizuri sana. Hiyo njo kanuni. Tutajenga uamuzi juu yake."

Nje, chini ya ukingo wa paa, Inamahoro alikuwa amefika na sufuria yake, sasa tupu. Alimtazama Asukulu kupitia mlango ulio wazi, na Asukulu, aliyekuwa amezoea kutazamwa hivyo, aliangalia makatoni.

Isidore aliandika kwa mwandiko mzuri, akanyanyua karatasi kwenye mwanga, akasoma kwa sauti ili hata wa nje asikie.

"Uamuzi. Sisi, tukiwa tumepata ripoti ya afisa wa upelelezi, na tukizingatia umuhimu wa kuhifadhi ushahidi, tunaamua yafuatayo.

"Kifungu cha kwanza. Kabati la baridi la kwanza litafungwa kwa lakiri katika hali lilimokutwa. Umeme wake hautakatwa kwa sababu yoyote, mpaka afike mtaalamu aliyeidhinishwa kutoka Kinshasa.

"Kifungu cha pili. Kabati la pili, kwa kuwa limetumika katika jaribio, litafungwa vilevile. Chanjo mpya isipokelewe ghalani kabla ya kufunguliwa lakiri.

"Kifungu cha tatu. Mtuhumiwa Barutwanayo hatapelekwa Uvira, wala hataachiliwa. Atabaki kasho la Baraka katika hali alimokutwa, mpaka afike mtaalamu huyohuyo.

"Kifungu cha nne. Mwandishi wa kiendeshi cha zamani, ambaye jina na anwani yake havijulikani, anaitwa kufika mbele ya ofisi hii kutoa maelezo."

Isidore akaweka saini, akagonga mhuri, akautazama kama umeshika. Ulikuwa umeshika. Akaufuta kwa karatasi, akaufunga ndani ya gazeti, akauweka kwenye katoni la juu pamoja na kalamu, na kuanza kukaza kamba. Kisha akakumbuka kwamba hakuwa amemaliza kusoma, akairudia karatasi.

"Kifungu cha tano. Uamuzi huu unaanza kutumika leo, na utaendelea kutumika mpaka utakapotenguliwa na yule aliyeutia saini."